Kompaila Iliyokataa Mahindi ya Mama Mkwe

Wenzangu wa darasa la jioni, leo nimeaibika mpaka nikatamani kuhama wilaya.

Mnajua ile programu niliyoiandikia stoo ya mahindi hapa Lurambi. Unaingiza kipimo cha unyevu, inakuambia POKEA au KATAA. Mwisho wetu ni kumi na tatu. Lakini mahindi mabichi yakawa yanapita tu, magunia yananuka uvundo, na meneja ananiangalia kama mimi ndiye ukungu.

Kosa halikuwa langu (kwa mara ya kwanza maishani). Lilikuwa kwenye kompaila, ile ya disketi ya mwalimu wetu, inayotafsiri programu iwe lugha ya mashine. Ikikutanisha namba yenye desimali na namba nzima, inakata desimali na kuitupa. Kumi na tatu nukta nane inakuwa kumi na tatu. Pokea! Nikaapa sitagusa obusuma, ugali wetu, mpaka nibadilishe sheria hiyo. Asubuhi yote nimepambana nayo, shati limelowa kuliko mahindi yenyewe. Saa sita ikakubali: sasa namba nzima ndiyo inayoongezewa desimali.

Nikatoka nje kifua mbele. "Leteni gunia la kwanza!"

Trekta ilikuwa langoni. Karani akapima: 13.8. Mashine ikasema KATAA.

Nikaruka. Nikapiga makofi. Nikawatangazia wote, "Mnaona? Haya hata kuku atayatema!"

Nyuma ya trekta akashuka mama yake Nekesa. Nekesa ninayetaka kuoa. Jumamosi hii wazee wetu wanaenda kwao Likuyani kumwomba. Na ni mimi niliyepima sampuli ya mama wiki jana, nikampelekea habari kwamba imepita, alete yote.

Meneja akaninong'oneza nirudishe sheria ya zamani kidogo tu, yapite. Nikakataa. (Sauti ilitoka kama ya paka, lakini nilikataa.)

Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, kwa hiyo nikajibanza nyuma ya magunia, karani akawa anabeba maneno. Nikamtuma aseme kosa ni la kompaila. Akarudi.

"Anauliza kompaila ni mtoto wa nani."

Nikamtuma tena: pole mama, kosa ni langu. Akarudi akijiuma midomo.

"Anasema Jumamosi wazee wabaki. Uje wewe, na turubai. Wazee watakuja mahindi yakishakauka."

Kwa hiyo mkimwona Likuyani mtu mwenye tai anakimbizana na mvua ya saa tisa, msicheke. Shikeni pembe moja ya turubai.