Meza Kuu Yapanda Jukwaani

Ninatangaza kwa moyo mkunjufu kwamba jengo la sinema la zamani hapa Korogwe, lililofungwa tangu kila nyumba ipate televisheni, sasa ni Ukumbi wa Ngoma. Mimi Gerald, mwenyekiti wa Kamati ya Mageuzi ya Jengo, nilisimamia kila kitu, hasa vikao.

Kwa kuwa jukwaa ndilo mahali pa heshima, vikao tulivifanyia hapo, kwa kuku wa kuchoma. Usafi ulizingatiwa. Mifupa yote tuliisukumia kwenye ufa wa mbao, ikapotelea chini.

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi kutoka mkoani angetangaza kikundi cha kudumu cha ukumbi. Aliyeomba ni mmoja tu, Bibi Mwaija wa Sindeni na wenzake. Miaka yote wamechezea gulioni, mvua ikianza wanakimbia na ngoma zao vichwani. Aliutaka ukumbi ule mpaka machozi yakamlengalenga.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sasa tunacheza wapi? Jukwaani mmejaza meza."

"Hiyo ni meza kuu, bibi. Meza kuu haikai chini. Ninyi mtachezea mlangoni."

"Kwani huu si ukumbi wa ngoma?"

"Ndiyo maana tumewaruhusu kuingia na ngoma."

Mgeni rasmi alichelewa, kama itifaki inavyotaka. Watu wakaanza kuondoka, nikaamuru ngoma zipigwe. Bibi alizipiga kwa hasira mpaka mbao zikatetemeka, na kwenye ufa wakatoka siafu, waliokuwa kikaoni juu ya mifupa yetu.

Mhasibu Enock alianza kwa kurusha mguu. Katibu Yuditha akaruka na kiti chake. Nami, kwa mujibu wa wadhifa wangu, nilikata kiuno kuliko wote, maana siafu hawajui cheo. Ukumbi mzima vigelegele! Akina mama wakapanda kututunza, wakatufunga khanga viunoni.

"Kumbe mzee wamo!" vijana wakapiga kelele. "Ongeza, mwenyekiti!"

Hapo ndipo mgeni rasmi akaingia. Alitutazama, akaguswa.

"Sijapata kuona watumishi wanaojituma namna hii," akatamka. "Kikundi cha kudumu ni hiki. Mwalimu wao ni nani? Nimkabidhi ukumbi."

Nilitaka kufafanua, lakini siafu mmoja alikuwa amefika pabaya, nikatoa ukelele tu.

"Ni mimi, baba," akasema Bibi Mwaija.

Agizo la mgeni rasmi halipingwi. Kanuni hiyo niliitunga mwenyewe. Siku hizi Bibi na wenzake wanacheza jukwaani, mvua inyeshe isinyeshe. Jumamosi ni zamu yetu sisi kamati, na yeye hukaa meza kuu, anakula kuku.

"Mwenyekiti, kiuno kizito leo," aliniambia juzi, akausogeza mfupa taratibu kuelekea kwenye ufa. "Ngoja niwaite walimu wasaidizi."