Ndoa ya Bima Ndogo

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa bodaboda wa Rwamishenye. Wao wataongeza chumvi. Mimi nitapunguza.

Gari langu mnalijua, lile dogo jekundu ambalo marehemu mama aliliita Kokushubira, yaani mwenye kutumaini. Nashona sare za shule hapa Muleba, na mara tatu kwa wiki nazipeleka Bukoba. Viti vilikuwa vinakwenda vitupu. Ndiyo maana nikajiunga na lile kundi la lifti kwenye simu: unaandika unaondoka saa ngapi, watu wanaandika majina, mnakutana stendi, mnaondoka. Kila mtu anatoa mchango wa mafuta. (Siyo nauli. Mchango. Nimelirudia neno hilo mpaka mwenyewe nimeliamini.)

Tatizo ni bima. Yangu ni bima ndogo, tena ya gari binafsi. Wakala siku aliyonikatia alinitazama usoni akasema, "Adventina, hii ni ya wewe na ndugu zako. Ukipakia abiria wa kulipa, bima haikujui."

Nikamjibu, "Ndugu zangu tu, kaka."

Mwezi uleule nilikuwa nimeshapata ndugu kuanzia Kamachumu hadi visiwani.

Asubuhi ya leo nilikuwa nao watatu. Mbele alikaa Mutalemwa, mwanamume wa makamo mwenye suti ya kahawia na tai, anafuatilia cheti chake cha kuzaliwa mjini. Ndiyo kwanza tunaonana. Nyuma alikaa Bibi Anastazia, anakwenda kliniki ya macho, rozari mkononi tangu stendi. Pembeni yake Magesa, mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani. Magesa kwao ni Musoma, na Kihaya hajui hata cha kuombea maji.

Tukafika Rwamishenye, pale unapoingia Bukoba mjini, salama salimini. Watu walikuwa wanavuka barabara, nikapunguza mwendo taratibu, nikasimama. Nyuma yangu kulikuwa na pikapu imejaza ndizi mpaka juu ya paa. Yeye hakusimama.

Buti likaingia ndani. Kioo cha nyuma kikamwagika. Na mkungu mmoja wa ebitoke, ndizi zetu za kupika, ukaruka kutoka juu ya pikapu, ukapita palipokuwa na kioo, ukatua kwenye kiti cha nyuma katikati ya Bibi Anastazia na Magesa. Ukakaa wima kabisa, kama abiria wa nne.

Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Bibi alikung'uta vioo kwenye kitenge chake, akautazama ule mkungu, akaniuliza, "Na huyu naye amechangia mafuta?"

Sikuweza kucheka. Nilishuka nikaliangalia buti. Lile gari ndiyo mikono yangu. Likilala gereji bila wa kulitengeneza, sare zangu zinabaki Muleba na shule zinatafuta fundi wa mjini. Na sauti ya wakala ikaanza kunipigia kelele kichwani: bima haikujui, bima haikujui.

Trafiki alikuwa anakuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na kama dakika moja. Mtu mwenye akili angeitumia kuvuta pumzi. Mimi niliitumia kuunda familia.

"Sikilizeni," nikawaambia abiria wangu kwa sauti ya chini. "Tukisema ninyi ni abiria, bima haitoki na gari halitengenezwi. Leo sisi ni ndugu. Mutalemwa, wewe ni mume wangu. Bibi, wewe ni mama yake. Magesa, wewe ni shemeji yangu."

Mutalemwa akakaza tai. "Tumeoana lini?"

"Mwaka jana. Kanisani."

"Kanisa gani?"

"Utachagua mwenyewe."

Bibi Anastazia hakupendezwa hata kidogo. "Mwanangu, mimi jana tu nimetoka kuungama."

"Bibi, wala usiseme neno. Wewe sali tu."

"Haya. Nitanyamaza. Lakini kudanganya sidanganyi." (Nilidhani hayo ni makubaliano. Kumbe lilikuwa onyo.)

Afande akafika. Mtu mzima, mpole, Mhaya wa kwetu kabisa. Akaanza na dereva wa pikapu, naye akaapa kwamba mimi ndiye niliyekanyaga breki ghafla. Afande akaandika. Kisha akanigeukia.

"Na hawa ni nani?"

"Familia yangu, afande. Huyu mume wangu, yule mama mkwe, yule shemeji."

Akawasalimu kwa Kihaya, salamu nzuri ya heshima. Mutalemwa akaitikia vizuri. Bibi akaitikia macho yakiwa kwenye rozari. Magesa akasema, "Shikamoo."

Afande akamtazama Magesa, akamtazama Mutalemwa. "Mdogo wako hajui Kihaya?"

"Amekulia visiwani," nikadakia. "Alikwenda mdogo sana, afande. Mdogo mno."

Akatikisa kichwa, akaandika. Nikasema moyoni, Adventina, umepita. Na kweli ningepita, kama tungekuwa watu wa mahali pengine. Lakini kwetu salamu haijaisha mpaka ukoo ujulikane. Afande hakuwa ananitega. Alikuwa anafanya adabu tu, kama wazee wote. Akamuuliza Mutalemwa, "Na ninyi ni wa ukoo gani, nijue nimesimama na nani?"

Mutalemwa akasimama wima. Akautaja ukoo wake kwa fahari, akamalizia na mwiko wake: "Sisi nyama ya pongo hatuli."

Jamani. Mtu ukisikia ukoo na mwiko wa kwenu vinatajwa na mtu usiyemjua, mdomo haungoji ruhusa. Nilifurahi kutoka moyoni. Nikasema kwa sauti, "Kumbe! Na sisi pia hatuli!"

"Acha!" Mutalemwa akanigeukia. "Ninyi wa upande gani?"

"Kamachumu."

"Kamachumu ndiko kwa babu yangu! Wewe wa kwa nani pale?"

Nikamtaja babu. Akapiga makofi, kumbe babu yangu na babu yake walichimbiana visima. Tukashikana mikono. Tukaulizana habari za shangazi mmoja ambaye kumbe ni wa wote wawili. Yaani mke na mume, mwaka mzima wa ndoa takatifu, wamesimama barabarani Rwamishenye wanaulizana kwao ni wapi.

Nikaja kugundua kwamba kalamu ya afande imesimama.

Bodaboda walikuwa wameshajaa. Mmoja, mzee mwenye kofia ngumu, akaivua taratibu. "Afande, hawa ni ukoo mmoja. Si ni kaka na dada? Na wameoana?"

Kwetu hilo siyo utani. Watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama wameonana leo, na ndugu hawaoani. Wanawake wawili wenye vikapu wakarudi nyuma hatua moja, kana kwamba laana inaambukiza.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi Anastazia akateremka, rozari ikining'inia.

"Basi. Imetosha," akasema. "Afande, mimi siyo mama wa mtu hapa. Kunyamazia uongo nilikubali, Mungu anisamehe. Lakini kuwaoza kaka na dada kwa ukimya wangu, hapana. Huyu mama nimemjua leo asubuhi. Tumeitana kwenye simu, tumemchangia mafuta wote. Na huyu mwenye dagaa siyo shemeji wa mtu."

"Ni kweli, afande," akasema Magesa kwa upole. "Mimi naitwa Magesa tu."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi Miembeni kule mjini, nawahakikishia. Dereva wa pikapu akaona upenyo, akapenya. "Afande, mtu anayesema uongo juu ya mume ataacha kusema uongo juu ya breki?"

Hapo nilishika kichwa. Aibu naweza kuinywa, nimeshazoea. Lakini aliyoyasema yalikuwa na mantiki, na gari langu lilikuwa linakwenda hivihivi nikiona. Machozi yakanilenga.

Afande akamwendea Bibi Anastazia. "Bibi, wewe ndiye pekee ambaye hujanidanganya. Huyu mama alifunga breki ghafla?"

"Hapana," akasema Bibi. "Nilikuwa kwenye rozari, tendo la tatu la uchungu. Akapunguza polepole, akasimama, watu wakaanza kuvuka. Nikasali Salamu Maria mbili, nzima, bila haraka. Ya tatu nilikuwa katikati ndipo ndizi zikaingia."

Afande akapima barabara kwa hatua zake, akachungulia kiti cha nyuma, akaugusa ule mkungu. "Na huyu hakupandia Muleba," akasema, akaandika kosa la pikapu.

Kisha akaja kwangu, akaongea taratibu, jinsi mtu anavyoongea na mgonjwa. "Mama, bima yako si ni ndogo?"

"Ndiyo, afande."

"Bima ndogo inamlipa mtu uliyemgonga wewe. Gari lako mwenyewe hailigusi, hata ungekuwa umepakia mapadri watupu. Leo wewe umegongwa. Anayekutengenezea ni bima ya pikapu."

Mutalemwa akanitazama. "Kwa hiyo tumeoana bure?"

"Bure kabisa," afande akajibu kwa niaba yangu. "Tena ningeuandika huo uongo wenu, kampuni yao ingepata sababu ya kukataa kila neno lako."

Akaniandikia kosa langu la kubeba abiria bila kibali. Nimelipokea kwa mikono miwili, ni langu. Akaniambia nikate kibali na bima ya abiria kabla sijamkalisha mtu tena kwenye gari lile. Nitakata. Wakala wa bima ya pikapu naye alikuja, akapiga picha, akasema Jumatatu mkaguzi atakuja kuliona gari gereji. Dereva wa pikapu, akili zilipomrudi, aliniomba radhi na ule mkungu akampa Bibi. Magesa akambebea Bibi mkungu hadi kliniki. Mutalemwa akayafunga mafurushi yangu ya sare kwenye bodaboda, akayafikisha shuleni Buhembe mwenyewe, na suti yake ile. Nilipotaka kumshukuru akasema, "Dada, kaka hashukuriwi." Kokushubira atapona, naamini hivyo. Na kaka nimepata, wa kweli.

Sasa nimekaa hapa gereji, naitazama simu. Baba amesubiri miaka kumi na miwili kusikia nimeolewa. Leo amesikia, bodaboda wameshamfikishia, na jina la ukoo wa bwana harusi amelisikia pia. Ameshapiga mara nne. Ajali ya namna hiyo, wakala hajaniambia bima yake inakatwa wapi.