Nilivyoingia Kikapuni Mbele ya Mama Mnavajo

Bandugu, leo nimepata haya ya mwaka mzima, na nimeipata mbele ya wageni sita.

Asubuhi patron, mkubwa wangu wa kazi, ananipigia simu. Yule mwenye kutembezaka wageni ameshikwa na malaria. "Weye unajua Kingereza, njo utawapeleka kwenye maporomoko." Miye ni sekretere! Lakini akaongeza: "Ikienda muzuri, kazi iko yako." Bon. Nikavaa kikwembe kipya cha kitenge na viatu vya visigino. (Ndiyo, visigino. Kwenye mawe. Acheni tu.)

Wageni wanatoka Amerika, jangwani, kwenye makorongo ya mawe mekundu. Mkubwa wao ni mama mmoja Mnavajo, kabila la wenyeji wa asili wa kule, nywele nyeupe, shanga za buluu shingoni. Kwao, yeye ndiye anayetembeza watalii katika nchi ya mababu zake. Yaani mwenzangu wa kazi! Hapo ulimi ukateleza.

"Hata mimi," nikamwambia, "hapa ni kwa babu yangu. Nimekulia juu ya haya maji."

(Nimekulia Kabondo, mtaa wa mjini. Maji yangu yalikuwa ya ndoo.)

Mama akanishika mkono kwa furaha. "Kwetu hatuingii korongoni bila kuomba ruhusa kwa wenyewe. Umewaomba?"

"Bila shaka!" Sikuwa nimemwomba hata paka.

Tukafika. Maji yananguruma, miti mirefu imesimikwa katikati ya mawe, wavuvi wanapita juu yake kama wako sebuleni kwao. Papa mmoja mvuvi, mzee wa pale, akaja, mikono kifuani.

"Mama, weye uko mutoto ya nani?"

"Ya hapa, papa," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Ya hapa wapi? Batoto yote ya hapa, miye nabajua."

Wageni wakaniangalia, wanangoja nitafsiri. Nikatafsiri: "Papa anasema karibuni, amefurahi kuona nimerudi nyumbani!"

Papa hajui Kingereza, lakini uso wa mwongo anaujua. "Bon. Kama uko ya hapa, pita pale." Akaonyesha gogo moja limelazwa juu ya maji, limelowa chepechepe.

Nikavua viatu. Hatua ya kwanza, makofi. Hatua ya pili, nikageuka niwapungie mkono. (Kwa nini, mwanamke? Kwa nini?)

Pwaa! Chini kulikuwa na kikapu kikubwa cha kutegea samaki, kimekaa kwenye maji ya magoti, mdomo juu. Nikaingia miguu kwanza, nikakwama kwenye makwapa. Kikwembe kikaenda zake na mto. (Mungu asante, ndani nilivaa kaptura.)

Wavuvi watatu wakanivuta pamoja na kikapu, wakaniweka juu ya jiwe. Papa akachungulia. "Yesu! Hii samaki iko na hereni!"

Wageni wakashangilia. Mmoja akaanza kuvua viatu: "Sasa ni zamu yangu?" Walidhani iko ndani ya programu!

Nikasema ukweli wote, nikiwa bado kikapuni. Mama Mnavajo alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akasimama mbele ya papa, akainamisha kichwa, akaniambia nitafsiri, safari hii sawasawa: "Tunaomba ruhusa ya kuingia kwenu."

Papa akatutembeza mwenyewe. Mimi nyuma, neno kwa neno, nimejifunga turubai la wavuvi kiunoni. Wageni wamemwambia patron kesho wanataka sisi wawili tena. Papa amekubali. Patron pia!

Nikapanda toleka, teksi ya baiskeli, kurudi nyumbani. Mwenye baiskeli akanusa, akageuka kwa heshima kabisa. "Mama, hiyo samaki yako, fungu moja ni bei gani?"

Musicheke, nawaomba. Nimeoga mara nne na paka ya jirani bado iko mulangoni.