Vita vya Kadi Nene na Kompyuta Nyembamba

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kusukuma kitu mahali kisipotakiwa! Tulizeni watoto, zimeni redio, mnisikilize mimi, mshona viatu wa miaka hamsini na minane, mwanafunzi wa masomo ya jioni, Simba wa Dawati la Mbele, niwasimulie jinsi nilivyoishinda kadi moja ya kamera kwa jasho, kwa sala, na kwa sehemu kubwa kwa macho ya mama mkwe wangu.

Kadi yenyewe ilikuwa nene kama kisigino cha kiatu cha askari. Ilitoka katika kamera kubwa ya darasa letu la video, ile ya kubebwa begani, ambayo bado ilikuwa nyumbani kwangu na begi lake, na ndani ya kadi mlikuwa na dakika kumi na tisa za mama mkwe akizungumza na vitukuu wake, ambao wako mbali na hawajawahi kumwona. Mjue kwamba mama huyu, Ngome Isiyopigwa Picha, aliikataa kamera tangu ujana wake. Kwenye harusi yetu aligeuza uso. Kwenye kitambulisho anaonekana kama anayemfukuza mgeni mlangoni. Safari hii alikubali, mara moja tu. "Sirudii," alisema. "Mimi si kasuku."

Ikawa Jumamosi, saa saba mchana, na kufikia saa kumi kadi ilipaswa kuwa mkononi mwa mwalimu, ambaye angeifuta na kuwapa wanafunzi wa kundi linalofuata. Kompyuta kuukuu ya darasani, yenye mdomo wa kuimeza kadi ile, ilikuwa imekata roho Jumanne. Nami nyumbani nilikuwa na laptopu mpya, zawadi ya binti yetu, nyembamba kama soli ya kandambili, na ubavuni mwake matundu mawili tu, ambayo hata punje ya mchele ingeyaingia kwa kuinama.

Nikavaa aproni yangu ya kazi, kwa maana shujaa haendi vitani na shati la ibada. Nikaiweka kadi mezani, nikainua mkono, nikanena:

"Ewe kompyuta, binti wa zama mpya, usiyejua uzito wa mambo! Fungua malango yako, anakujia mgeni mwenye heshima!"

"Anaongea na nani?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kochi.

"Na laptopu, mama," mke wangu akamjibu.

"Imemjibu?"

"Bado."

Nikaijaribu kadi kwa ubapa, kwa wima, kushoto na kulia, kama mtu anayefungua kufuli la jirani. Ndipo ufundi wangu uliponidanganya. Nikauchukua msharasi wangu, chuma chenye ncha ambacho kwa miaka thelathini kimetoboa ngozi ya ng'ombe bila kuomba radhi, nikauelekeza kwenye tundu.

"Baba watoto!" mke wangu akapaza sauti. "Ukitoboa hiyo laptopu utahamia nayo kibandani kwako, mkalale na viatu vya watu!"

Nikaurudisha msharasi mfukoni. Hata majemadari hurudi nyuma.

Nikampigia simu mwalimu. "Mzee," akasema, "kadi irudishe kwenye kamera, kisha unganisha kamera yenyewe na laptopu. Kamera ndiyo itakayoisoma. Waya umo kwenye begi, pamoja na kichwa kidogo cha kuingia kwenye tundu."

Kichwa kidogo kilikuwemo. Waya haukuwemo. Nililimwaga begi lote sakafuni, nikapekua dakika ishirini, hadi mke wangu akanionyesha kwa kidole: waya ndio niliokuwa nimelifungia begi, zipu ilipokufa. Na kwa kuwa nilipiga fundo la mshona viatu, fundo lisilojua kufunguka, tuliufungua kwa meno, kwa zamu.

Nikairudisha kadi kwenye kamera, nikachomeka waya. Na kwa kuwa sianzi jambo bila Mola, nikafumba macho nikaomba. Nikafumbua: kimya. Nikachomoa, nikachomeka tena, nikaomba kwa kirefu zaidi. Kimya. Saa nane na nusu. Mara ya tatu nikatambua kwamba kizuizi ni dhambi zangu. Nikachomeka, nikapiga magoti, nikaanza kuziungama kwa sauti.

"Ee Mola, nisamehe siku zile niliposema nasali, kumbe nasinzia."

"Amina," mke wangu akasema, haraka mno.

"Nisamehe na siku ile mama mkwe alipohamisha kabati, nikajifungia chooni mpaka likafika."

"Nilijua!" Kochi likalia. "Nilijua tumbo lile ni la uongo! Endelea, mkwe, endelea. Tuna muda."

Hatukuwa na muda. Nikafumbua macho, na kompyuta bado ilikuwa inanitazama kama asiyenijua. Nitawaambia nini watoto wale? Kwamba bibi yao alisema nao, nami nikayapoteza maneno yake kati ya kochi na meza?

Ndipo Ngome ikanena, taratibu. "Mkwe, hicho kidude chako kinaandika kitu, halafu kinafuta."

"Kidude kipi, mama?"

"Kamera. Kila ukifumba macho, inaandika. Ukifumbua, imeshafuta. Mara tatu sasa. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Nikachomoa, nikachomeka, na kwa mara ya kwanza maishani nikaanza jambo kubwa nikiwa natazama. Kwenye kioo kidogo cha kamera likatokea swali: iunganishwe na kompyuta, ndiyo au hapana? Kumbe jibu la sala yangu lilikuja mara tatu, likakuta nimefumba macho, likaondoka zake.

Nikabonyeza ndiyo. Kompyuta ikalia mlio mmoja mwembamba, na kadi ikatokea kwenye kioo chake. Mke wangu akapiga kigelegele. Nikaanza kuinakili video, na mstari wa kijani ukatambaa, ukatambaa, ukafika.

Tukaifungua video tuhakikishe. Siku ya kurekodi nilivaa hedifoni kubwa kama taji, ila nilizichomeka pasipo pake, kwa hiyo sikuwa nimesikia neno. Karibu na mwisho, mama mkwe alitazama nyuma ya kamera, akasema:

"Na huyu anayenipiga picha amefumba macho. Ama analala, ama anaomba. Kwake ni kitu kimoja. Alipokuja kuposa nilisema binti yangu ataishi na harufu ya gundi. Nilikosea. Sijamwambia. Mwambieni nyinyi, nikishaondoka."



"Hapo pakate," mama mkwe akasema.

"Sijui kukata, mama. Somo hilo ni la mwezi ujao."

Akanisogezea viatu vyangu kwa mguu. "Basi rudisha kadi ya watu, mwanangu. Na njiani ufumbue macho."

Iandikwe basi, na vizazi visibishane: Jumamosi ile, saa kumi kasoro dakika sita, mshona viatu mmoja alivuka barabara mbili na kadi kifuani, akiomba kwa sauti, macho kodo.