Kanuni ya Ugumu ya Bwana Crandall

Jumapili ya kwanza ya Desemba, saa tatu asubuhi, Kamati ya Kupanga Ubora wa Timu za Vyuo, za ule mpira wa Kimarekani wa kukimbia nao mikononi, iliutangazia umma wa Marekani kwamba dhuluma imekwisha. Timu iliyothubutu kutafuta wapinzani wagumu nje ya ligi yake itatuzwa msimu huu, na iliyojishibisha kwa vibonde itajuta. Msimu wenyewe ulikuwa umeisha jana yake, lakini kamati haikuona hilo kuwa kikwazo.

Tangazo lilisomwa na mwenyekiti, Bwana Dewitt Crandall, mkuu wa michezo wa Chuo cha Calder, Alabama. Alivaa tai yenye rangi za chuo chake. Huo haukuwa upendeleo, kwa kuwa kanuni za kamati zinakataza kofia tu.

Sasa, hiyo Calder nje ya ligi ilicheza na vibonde wanne, wote nyumbani, wote wamelipwa waje wapigwe. Ndiyo desturi ya Septemba: mkubwa anamwalika mdogo, anamkung'uta mbele ya watu laki moja, kisha kila mtu anarudi kwao ameridhika. Mill Fork, kijichuo cha huko milimani, walikula sitini na sita kwa sifuri, na wakashukuru kwa ukarimu.

Bodi ya Calder ilikuwa imemwambia Crandall bila kupepesa macho: timu iwe miongoni mwa kumi na mbili zitakazowania ubingwa, ama yeye afungashe virago. Nafasi kumi na moja zilishajulikana. Crandall aliitaka ile ya mwisho kwa moyo wake wote, na tuseme kweli, aliogopa.

Lakini hakuwa mtoto wa jana. Wajumbe walipoketi hotelini Texas baada ya tangazo, mbele ya sahani za nyama ya kuokwa kwa moshi, aliwaeleza kwamba ugumu ni dhana pana inayohitaji ufafanuzi wa kitaalamu. Timu hukomaa kwa kupigwa na wakubwa. Kwa hiyo kila timu ipewe pointi kumi kwa kila mkubwa iliyemfuata kwake nje ya ligi, na yeyote atakayeichapa timu hiyo arithi nusu ya pointi zake, urithi mmoja tu kwa kila timu, ule mnono zaidi. Mill Fork walikuwa wametembezwa kwa wakubwa wanne, Calder ikiwemo. Hesabu ikakubali: Calder ishirini. Wapinzani wake wa karibu, waliokwenda kwa mkubwa wa kweli wakapoteza kwa pointi mbili za jasho, bila kibonde wa kurithi, wakaambulia kumi.

"Hizo kumi anapewa hata akishindwa?" aliuliza Profesa Imogene Fuqua, mwalimu mstaafu wa hisabati.

"Ashinde asishinde, Profesa. Tunatuza ujasiri."

Ikapita kwa kauli moja. Crandall akaituma papo hapo kwa waandishi wa habari, isije ikachezewa akiwa nje. Maana kule mjumbe hutoka chumbani chuo chake kinapojadiliwa, haki isichafuke. Akatoka kichwa juu, akasimama kwenye korido kando ya mashine ya barafu, akaiandikia bodi yake ujumbe wa neno moja: Tumeingia.

Alipoitwa ndani, wajumbe walikuwa wanaangalia sahani zao.

"Ya kumi na mbili ni Mill Fork," alisema Profesa Fuqua.

"Mama, hao tuliwatwanga sitini na sita!"

"Kwenu. Wana arobaini zao. Ninyi mna ishirini, tena za kurithi kwao."

Crandall alidai kanuni irekebishwe. Akakumbushwa kwa heshima zote kwamba taifa zima linaisoma, na jina lake liko chini. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mwenyekiti ndiye msemaji, na kamera hazisubiri mtu ameze machungu. Mtangazaji, Trent Sobolik, alimkaribisha kwa tabasamu, akamuuliza Calder, yenye ushindi kumi na moja, imekosa nini.

"Ratiba yao ya nje ya ligi ilikuwa laini," alisema Crandall.

"Kabisa, mzee?"

"Kabisa. Ni aibu kwa mchezo."

"Nani huipanga ratiba hiyo?"

"Mkuu wa michezo."

"Anaitwa nani, ili watazamaji wamjue?"

Crandall alijitaja, majina yote mawili, kwa sauti ile ile nzito ya asubuhi.

Jumanne, Chuo cha Calder kilitangaza nafasi ya kazi. Mwombaji awe mtu asiyekimbia wapinzani wagumu, na barua ya kumpendekeza iandikwe na mjumbe wa kamati ya ubora, isipokuwa mwenyekiti.