Ndege ya Gramu Themanini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Chama chetu cha ndege za rimoti kimetangaza. Jumamosi ni mashindano ya sarakasi za ndege ndani ya ukumbi wa michezo. Mshindi anakaa na ufunguo wa ukumbi mwaka mzima. Anarusha siku anayotaka, wengine tutamwomba. Mimi siombi mtu. Hasa siombi shemeji yangu, kaka wa mke wangu, daktari wa meno, ambaye ndege yake ilikuja imekamilika kwenye boksi. Yangu nimeikata kwa wembe kutoka lile povu jeupe linalofungiwa friji mpya. Ndiyo faida ya ufundi friji. Yake gramu mia na sabini, yangu mia na mbili. Hesabu hiyo hata mama mkwe ataielewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeng'oa magurudumu, nimekwangua rangi, nimetoboa mabawa. Gramu themanini na nane. Mke wangu kauliza itatuaje. Nikamwambia ndege ya bingwa hudakwa mkononi. Akasema haya, ila mizani yake ya unga irudi jikoni.

Jioni mazoezi. Shemeji kaigeuza yake chali, kisha kaisimamisha hewani pua juu kama koti kwenye msumari. Makofi. Akaniita mbele za watu, eti njoo nikuonyeshe, shemeji, mkono wako mzito. Mkono mzito! Mimi ninayechomelea mirija myembamba kama mrija wa soda.

Ijumaa, 7 Machi

Kura zimepigwa. Shemeji anaanza saa kumi kamili, mimi namfuata saa kumi na robo. Sasa, nani anahudumia viyoyozi vya ukumbi ule? Leo nimekwenda kusafisha vichujio. Nikiwa juu ya ngazi nikatega taima: vyote vinne viwake saa kumi na dakika tano, vizime baada ya dakika tano. Feni mwisho wa nguvu. Sioni kosa. Watu wamelalamikia joto la mle ndani tangu Januari.

Jumamosi, 8 Machi

Saa kumi, shemeji hayupo. Kapiga simu, jino la mgonjwa limekatikia ndani. Mwenyekiti wetu, mama mmoja muuza miwani, akaamua fundi atangulie. Nikasema tumsubiri, daktari ni mtu wa heshima. Hataki. Nikasema tumbo linauma. Akasema, baba mzima, hilo ni tumbo la woga, rusha.

Nikarusha. Pindu la kwanza safi. La pili safi kabisa. Ndipo viyoyozi vikanguruma. Ndege yangu ikasimama, ikaanza kurudi kinyumenyume, ikapanda, ikajibandika kwenye wavu wa taa ya dari huku mabawa yakipiga mluzi. Chini nimebaki nimenyoosha mkono kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Waamuzi wakaandika sifuri.

Shemeji akaingia na koti la kazi. Hewa imetulia tuli. Alama tisini na moja. Akapokea ufunguo, akanishika bega, akasema nisijali, nikitaka kurusha nimwambie tu, atanifungulia.

Atanifungulia.

Jumatatu, 10 Machi

Mwenyekiti kapiga simu asubuhi. Viyoyozi vinajiwasha vyenyewe, wanachama wana hofu, fundi aje. Nimekwenda. Nimefungua kifuniko, nimetikisa kichwa kwa muda wa kutosha. Nimewaeleza kwamba tatizo la namna hii hujificha likiona watu. Fundi lazima aliingilie ghafla, peke yake, leo mchana, kesho jioni. Nimekadiria mwaka mmoja.

Shemeji mwenyewe kanikabidhi ufunguo, kwa mikono miwili, na asante juu.

Mke wangu kauliza kama sioni haya. Nimemwambia apige hesabu: kaka yake ana alama tisini na moja na yuko nje ya mlango. Mimi nina sifuri na niko ndani.

Mashindano mengine ni Machi mwakani. Safari hii natega taima mbili, moja shemeji akiwahi, moja akichelewa. Ndege nimeishusha hadi gramu sabini na tisa.