Compteur Yetu Inarudi Nyuma

Lundi, tarehe 4 mwezi wa sita 2001

Bei ya courant imepanda tena. Mara ya pili tangu Pasaka. Papa Kamate, mwenye groupe, ile mashini ya umeme inayowashia quartier yetu kila jioni, ametuma karatasi mulango kwa mulango. Mazout ya mashini inatoka Kasindi kwa mupaka, barrière za njiani zimeongezeka, kila kundi la baaskari linataka yake. Donc, basi, sisi tulipe.

Mimi ni fundi wa masaa hapa soko ya Butembo. Nani anatengenezesha saa mu hii vita? Leo nimepata moja tu. Mwenyewe alikuwa na bunduki. Amesema asante tu, akaenda.

Bibi yangu Agar anasema tukatishe courant, turudilie lampe ya petroli. Nimekataa. Binti yetu Abigaïl anafanya examen d'État ya kumaliza masomo mwezi ujao na macho yake ni mabaya. Hatasoma mu moshi. Nimesema nitapata njia. Agar ameniangalia vile ananiangaliaka kila mara nikisema nitapata njia.

Mardi, tarehe 5

Nimekaa mbele ya compteur inayohesabu courant yetu, saa nzima. Nyuma ya kioo kuna sahani ndogo ya chuma inayozunguka, juu yake magurudumu ya nambari. Ni saa. Saa isiyokuwa na mishale, basi. Miaka makumi mbili nafungua vitu vidogo kuliko hiki.

Kuna plomb kwa waya, kama muhuri, ili batu basifungue. Ni risasi laini. Nitaitoa na kuirudisha, hata mwenye kuifunga hataijua.

Jeudi, tarehe 7

Imekamilika. Nimegeuza nyaya mbili tu, na sahani inazunguka kwenda nyuma. Nambari zinashuka. Nilisimama peke yangu mu corridor nikicheka kimya.

Halafu nikafikiri vizuri: kadiri tunatumia mingi, ndivyo tunalipa kidogo. Nimewasha taa zote, radio, na pasi. Agar ameuliza juu ya nini pasi inawaka na nguo hakuna. Nimemwambia apige pasi mapazia. Amejibu ya kwamba dirisha letu la mbele halina pazia. Nimempa kitambaa cha meza.

Abigaïl amesoma mpaka groupe ikazimika. Alikuja mu corridor, akaangalia sahani, akaniangalia. Akaenda kulala. Nimelala kama mutu mwenye mali.

Mercredi, tarehe 13

Ilunga amekuja kusoma compteur. Huyu ni mutu wa Lubumbashi. Leta, ni kusema serikali, ilimutuma hapa kwa bureau ya kupima viwanja, mbele ya vita. Vita ikafunga njia. Sasa mwaka wa tatu mshahara haufiki, bibi yake na batoto bako upande mwingine. Anaishi kwa kusomea Papa Kamate compteur za batu, na kalamu tatu mu mufuko kama vile angali bureau. Simpendi. Anasalimia kwa Kinande, luga yetu, tena vibaya, na batu banamupenda juu ya ile.

Mwezi uliopita aliandika 412. Leo compteur inasema 397. Akapangusa kioo cha lunettes. Akaangalia tena.

“Papa Ézéchias,” akasema polepole, “courant munaitumia ao munaitengeneza? Kwa hii kitabu, Papa Kamate njo iko na deni yenu.”

Majirani balikuwa kwa mulango. Nikaogopa. Nikasema ya kwamba yeye ndiye aliandika vibaya mwezi uliopita. Nikasema kwa sauti. Nikaongeza ya kwamba mutu mwenye njaa anaona nambari mbili mbili.

Ilunga akarudisha kalamu mu mufuko. Alifunga kitabu, akaenda nyumba inayofuata. Ile sentensi ya njaa nilitaka kuirudisha. Haikurudi.

Vendredi, tarehe 15

Papa Kamate ameona kitabu, ametuita mimi na Ilunga kwa depot yake. Akamwambia Ilunga ya kwamba msomaji asiyejua kusoma hana kazi kwake. Nilikuwa nimeshinda. Nilikaa vizuri mu kiti.

Ilunga akafungua kitabu. Akatafuta ukurasa wetu. Kando ya 412 kulikuwa signature ya nyumba yetu. Hapana yangu, siku ile mimi nilikuwa soko. Ya Abigaïl. Papa Kamate akatuma mutu kumwita.

Mutoto ni wangu, nikafikiri, atalinda nyumba.

Alifika na uniforme ya masomo. Papa Kamate akamuuliza nambari ilikuwa ngapi.

“Ilikuwa mia ine na kumi na mbili,” akasema. “Nilisoma miye mwenyewe. Papa Ilunga hapana kosea. Papa njo alifungua mashini.”

Alisema akiangalia chini. Papa Kamate akafunga kitabu polepole. Ingekuwa heri apige kelele.

Papa Kamate akasema tukatwe leo leo. Ilunga akamuomba angoje mpaka examen ipite, juu mutoto hana kosa. Yeye. Ilunga. Papa Kamate akakataa, akamutuma Ilunga mwenyewe apande nguzo kukata. Alishuka na waya, akaukunja vizuri, akaupatia Agar kwa mikono miwili.

Dimanche, tarehe 17

Giza. Abigaïl anaenda kusoma kwa Ilunga, kule taa ingali inawaka, Agar anamusindikiza na kukaa naye kule mpaka mwisho. Ilunga anamufundisha hesabu bure. Inaonekana anajua sana. Baliporudi leo balikuwa banacheka, bakaacha kucheka kwa mulango.

Nimemuuliza Abigaïl juu ya nini alinifanyia vile, mimi baba yake, na yote ilikuwa juu yake.

“Papa,” akasema, “wewe uko na mama, uko na miye. Ule mutu iko tu na ile kazi.”

Nikapunguza utambi wa lampe. Petroli nayo ni ya kuhesabu.

Jeudi, tarehe 21

Nimeenda kwa Ilunga kuomba musamaha. Nilifika kwa mulango, nikasikia anaeleza triangle, Abigaïl anajibu mbele hajamaliza. Nikarudi. Nitaenda siku nyingine.

Dimanche, tarehe 24

Nimefikiri juma lote, na sasa naona kosa. Hapana kufungua. Fundi anafungua, ndiyo kazi. Kosa lilikuwa la hesabu. Nilishuka chini ya 412. Ningesimama kwa 415, tungelipa unités tatu, Ilunga angeandika, angeenda kwake, na kila mutu angekuwa na heshima yake.

Leo baada ya ibada pasteur ametangaza ya kwamba facture ya courant ya kanisa imekuwa muzigo, micro na taa za baimbaji wa choeur zinakula sadaka yote. Akauliza nani kati ya bandugu anaelewa kidogo mambo ya compteur.

Agar alinishika koti. Lakini mukono wangu ulikuwa umekwisha kupanda.